Uliza Seli Yenyewe

Mama yangu huwaambia watu wa kanisani kwake kwamba mimi ni fundi wa swichi. Alifikia hapo siku moja nilipokaa jikoni mwake, chini kidogo ya Wundanyi, nikijaribu kumweleza kazi ninayofanya Nairobi. Nilimwambia kuna watu wanaozaliwa na jeni yenye kasoro, na kwamba sisi maabara huchukua jeni nzima, tukaipakia ndani ya kirusi tulichokwisha kukinyang'anya uwezo wa kuleta ugonjwa, kisha tukakituma kirusi hicho ndani ya seli za binadamu kikaushushe mzigo wake. Lakini jeni ikifika peke yake hulala tu. Lazima mbele yake kuwe na kipande kingine cha DNA, ambacho tunakiita promota, kinachoiamrisha seli ianze kuisoma ile jeni, na isome kwa nguvu kiasi gani. Kazi yangu mimi ni kuchagua promota.

"Kwa hivyo wewe ni fundi wa swichi," mama akasema, huku akiendelea kuchambua maharagwe.

Nilikasirika, maana nimesoma miaka mingi ili niitwe kitu kingine. Mimi hukasirika upesi, na kila mtu nyumbani anajua. Baadaye niliona hakukosea sana, na sasa hata mimi hujitambulisha hivyo nikikutana na mtu ambaye sina muda naye.

Swichi zenyewe ni za kila aina. Ipo promota iliyotolewa kwenye kirusi, ambayo ukiifunga kwenye jeni, seli hufanya kazi kama mtu aliyefokewa. Zipo nyingine zilizotolewa kwenye jeni za binadamu mwenyewe, za upole, zinazowaka karibu katika kila seli ya mwili. Halafu zipo za kuchagua, zinazokubali kufanya kazi kwenye aina moja ya seli tu, mathalani zile seli za uboho zinazokuja kuwa damu nyekundu. Mtu akisikia hivi anadhani jibu ni rahisi, chukua yenye nguvu. Bosi wangu naye alidhani hivyo, na tuliwahi kurushiana maneno mbele ya wanafunzi mpaka mmoja wao akajifanya anaenda kuosha chupa.

Tatizo ni kwamba promota hujaribiwa kwanza kwenye seli rahisi. Tunazo seli za asili ya figo ambazo zimeshazoea maisha ya chupa. Hazisumbui, hukua haraka, na karibu kila unachoziwekea huwaka. Sisi huweka jeni ya rangi ya kijani ili tuone kwa darubini kama swichi imefanya kazi. Kwenye seli hizo promota ya kirusi hung'aa hadi macho yanauma, watu wakapiga picha, wakapongezana, wakaenda kunywa chai. Kisha unaipeleka kwenye seli za uboho, ambazo ndizo mgonjwa anazozihitaji, na baada ya wiki kadhaa kijani kinaanza kufifia. Seli hizo hukitambua kitu cha kigeni, zikakibandika vialama vya kemikali hadi kinyamaze. Jeni ipo, haijaharibika, ila haisomwi tena. Na hata isipozimwa, promota yenye kelele nyingi inaweza kuziamsha jeni jirani zilizolala, na miongoni mwazo zipo ambazo zikiamka huleta saratani. Zile promota za kuchagua nazo zina taabu yake, kwa sababu vipande vyake ni virefu na kirusi ni kidogo. Ukipakia vyote, unapata virusi vichache mno vya kutumia.

Kwa hiyo nilikuwa na neno langu pale kwenye benchi, na nililirudia hadi wanafunzi wakaanza kuniigiza sauti: uliza seli yenyewe. Usimuulize bosi, usiulize kitabu, wala usiulize seli za figo. Iweke promota ndani ya seli itakamoishi, ilishe hiyo seli, subiri, kisha angalia. Bosi alisema msemo huo unatuchelewesha. Nilimjibu kwamba aliyechelewa ni yule anayepiga picha mapema, na tukanuniana tena.

Nyuma ya ukali huo alikuwapo binti wa kaka yangu. Alizaliwa Voi akiwa na selimundu, ugonjwa unaofanya seli nyekundu za damu kupinda kama mundu na kukwama kwenye mishipa midogo. Zikikwama, maumivu huja kwenye mifupa, na mtu mzima mwenye akili zake hubaki amesimama kando ya kitanda bila la kufanya. Nimewahi kumshika miguu akilia hadi sauti ikamwishia. Jeni tunayoipakia kwenye kirusi chetu ni ile ambayo yeye aliipata ikiwa na kasoro. Sijawahi kumwambia bosi jambo hilo, maana angeanza kunionea huruma, na mimi huruma ya bosi siitaki.

Mwaka jana kaka alimleta Nairobi kliniki, na walipomaliza nikampitisha maabara. Nilimvalisha koti jeupe lililomfika vifundoni, nikamkalisha kwenye darubini. Kwenye chupa moja kulikuwa na seli za uboho zenye promota ya kirusi, zikiwaka kijani kibichi. Alitazama kwa muda mrefu. Kaka yangu alipotazama yeye, alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti kubwa, ingawa ni Mkristo wa kuzaliwa, kwa sababu majirani zake wote upande ule wa Voi ni Waislamu na neno hilo limemkaa mdomoni.

Msichana ndiye aliyeuliza swali. "Shangazi, hizi zitawaka mpaka lini?"

"Sijui," nikamjibu. "Hapa sisi huuliza seli yenyewe."

Tangu hapo alikuwa akinitumia ujumbe kwa simu ya mama yake: seli zinasemaje? Nami nilimjibu kama ninavyomjibu mtu mzima. Nilimwambia zile kali zilipozima. Nilimwambia kwamba zenye promota ya upole, ambazo siku ya kutembelea tulizipita bila kuziangalia kwa sababu hazikuvutia, bado zilikuwa zinawaka, hafifu lakini bila kupungua. Nilimwambia pia kwamba kutoka kwenye chupa hadi kwenye mwili wa mtu ni mbali sana, na kwamba yeye atakuwa amemaliza shule kabla ya kazi hii kumfikia mgonjwa yeyote, ikiwa itafika. Alijibu "sawa", akaniomba kalamu za rangi.

Mwanzoni mwa mwaka huu kaka akanipigia. Binti alikuwa amepangiwa kuingia gredi ya kumi katika shule ya bweni ya wasichana huko milimani, moja ya zile ambazo wazazi wa Voi huzitaja kwa kushusha sauti. Kaka, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa tayari amewatangazia watu hadi Miasenyi. Wifi yangu alikataa katakata. Huko juu ni baridi, na daktari alishasema baridi inaweza kuyaleta yale maumivu. Daktari hakusema asiende. Alisema wafikirie vizuri, basi nyumba ikagawanyika. Ndipo kaka akamtuliza mkewe kwa maneno haya: dawa ya shangazi itakuwa tayari kabla mtoto hajaingia gredi ya kumi na moja.

"Nani amekwambia?" nikamuuliza.

"Si nilijionea mwenyewe zikiwaka? Wewe kuja tu umwambie mama yake, wewe ndio wa kuaminika."

Nilitaka kuirusha simu ukutani. Nilipanda treni Jumamosi asubuhi nikiwa nimefura, na tulipopita Mtito nilikuwa nimeshaitunga hotuba yote kichwani, pamoja na mahali pa kupandisha sauti.

Nilimkuta mama ameshuka kutoka milimani na kikapu chake cha ndizi. Tulikaa sebuleni mwa kaka, mlango wazi, feni ikizungusha joto lile lile. Madebe ya maji yalikuwa yamepangwa ukutani kwa sababu mfereji ulikuwa haujatoa kitu tangu katikati ya wiki. Wifi alikaa karibu na mama. Binti alikaa mlangoni na chupa yake ya maji, akinywa kidogo kidogo.

Nilifungua mdomo, mama akaninyamazisha kwa mkono. Akaomba kikombe cha maji.

Wadawida wa zamani, wazee wetu wa milima ya Taita, waliamini kwamba hasira iliyofungiwa moyoni mwa ndugu inaweza kumwangukia mtoto na kumletea ugonjwa. Ndiyo maana, kabla ya kuzungumza juu ya mgonjwa, kila mmoja aliitaja hasira yake, akapiga funda la kinywaji, kisha akalipuliza nje pamoja na maneno ya heri. Huko ndiko kutasa. Wazee walifanya kwa pombe ya miwa. Mama yangu ni mzee wa kanisa, hutumia maji matupu, na ukimwambia anatasa atakukatalia kabisa, atasema ni maombi. Sisi tulishaacha kubishana naye.

Alianza mwenyewe. Alisema ana hasira na magoti yake na barabara ya kwao, akapuliza maji nje ya mlango. Kaka akapokea kikombe, akasema ana hasira na mkewe anayemshika mtoto kama yai. Wifi akasema ana hasira na mume anayegawa vitu ambavyo havimo mkononi mwake. Kikombe kikanifikia.

"Nina hasira na kaka yangu," nikasema. "Amewagawia watu dawa ambayo mimi mwenyewe sina."

Nilipiga funda, nikapuliza, na hotuba yote niliyoitunga kwenye treni ikanitoka pamoja na maji. Nilibaki na maneno machache tu. Nikamwambia kaka dawa haipo. Haitakuwepo mwaka huu wala mwaka ujao, wala katika miaka yote ya shule ya mtoto.

"Na zile zilizokuwa zinawaka?"

"Zilizima, kaka. Zilizobaki zinawaka kidogo, na ziko kwenye chupa, haziko kwa mtu."

Kaka alitazama sakafu. Nilikuwa nimekuja kumfokea, lakini nilipomwona hivyo nilimwonea uchungu sana. Hata hivyo ulimi wangu ukishaanza safari haujui kushuka njiani. Nikaendelea kusema kwamba kwa hali hiyo mtoto asiende milimani. Abaki Voi, aingie shule ya kutwa, alale kwao, penye joto, karibu na hospitali anakojulikana. Niliyasema hayo kwa sauti ya daktari, na mimi si daktari. Wifi alinishika mkono kwa shukrani. Mama alikwisha kuinamisha kichwa ili afunge kwa sala.

"Mimi sijapewa kikombe," sauti ikatoka mlangoni.

Mama akainua kichwa, akamwashiria aje. Msichana akapokea kikombe kwa mikono miwili.

"Nina hasira na shangazi."

Nilidhani sikusikia vizuri. Kati ya watu wote pale, mimi ndiye niliyejiona mtetezi wake.

"Si wewe husema uliza seli yenyewe? Mmeuliza daktari. Mmeulizana nyinyi. Mmeuliza dawa itakuja lini. Sasa seli ni mimi, na hakuna mtu ameniuliza."

Akapiga funda, akapuliza. Maji yakaniangukia viatuni.

Kaka alitaka kumkemea, akaanza na "Wewe, shangazi yako ametoka Nairobi—" lakini mama akamkatiza.

"Mwache. Haya, mjukuu wangu, wewe unasema aje?"

Alirudi mlangoni kwanza, akakaa, kana kwamba kutoka pale ndipo angeweza kusema vizuri. Akatuambia kwamba kila mara alipolazwa, alilazwa akitokea shule, hapa hapa Voi, kwenye joto tunalolisifu. Choo cha shule yake hakikuwa na maji. Wasichana walikuwa wamekubaliana bila kukubaliana kutokunywa maji mchana kutwa, ili wasilazimike kuingia mle.

"Daktari akiniambia kunywa maji, mimi nasema ndiyo. Halafu naenda shule na chupa, narudi nayo ikiwa imejaa. Naimwaga kwa maua kabla mama hajaiona."

Wifi alishika kichwa. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unaniuliza kama nimemeza dawa. Nilikuwa nimemeza."

Damu yenye seli za namna ile ikikosa maji huwa nzito na seli hupinda upesi zaidi. Nalijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Nilikuwa nimeuliza juu ya jeni yake, dawa zake, vipimo vyake vya damu, na hata chakula chake. Haikunijia kuuliza kama shuleni kwao kuna choo kinachoingilika.

"Kwa nyanya nimekaa likizo za mwezi wa nane," akaendelea, "ukungu mpaka dirishani. Nyanya ananipa maji ya moto, natoka nje nikitaka, narudi. Sijawahi kulazwa nikiwa kwa nyanya. Si kweli, nyanya?"

"Ni kweli," mama akasema. "Na shule hiyo ninapita hapo nikienda sokoni. Maji yao ni ya chemchemi, yanamwagika mpaka barabarani."

Basi nikamuuliza kama nilivyopaswa kumuuliza tangu mwanzo. "Baridi huiogopi?"

"Naiogopa. Nitavaa sweta mbili. Na nikizidiwa, nyanya ni karibu kuliko nyinyi." Akasita kidogo. "Lakini nataka kwenda."

Kaka akasema kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake, ya chini kabisa. "Na kama dawa haiji, mwanangu? Utaweza miaka yote hiyo?"

"Baba, shangazi aliniambia mwaka jana kwamba haitakuja nikiwa shule. Mimi siisubiri. Wewe ndiye unaisubiri."

Kaka yangu ana sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya reli, lakini alilia bila sauti, kwa muda mrefu, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Mimi pia nililia. Mama alichukua kikombe akaenda kukisuuza, akarudi akafunga kwa sala fupi, jambo ambalo kwake ni muujiza.

Msichana alikwenda shule hiyo. Nilibaki Voi hadi siku ya kuripoti ili nizungumze na matron wa shule, mama mmoja mnene asiyependa maneno mengi. Nilimkabidhi dawa za kila siku na kumweleza dalili. Alinisikiliza, kisha akageuka akamwuliza msichana mwenyewe, "Wewe ukianza kuumwa huanzia wapi?" Nilimpenda mwanamke yule papo hapo. Mfereji wa nje ya bweni ulikuwa ukivuja, na kwa mara ya kwanza maishani nilifurahi kuona mfereji unaovuja.

Maabara nako hakujabadilika sana. Bosi amekubali tuendelee na zile promota za upole, baada ya kuona mwenyewe chupa za promota ya kirusi zimekuwa giza tupu. Hakusema nilikuwa sahihi, na mimi nilijizuia kumkumbusha, jambo ambalo wanafunzi walilizungumzia wiki nzima. Sasa tunahangaika na ile ya kuchagua, tunajaribu kukata vipande vyake hapa na pale ili ienee kwenye kirusi bila kupoteza akili yake. Ni kazi ya taratibu, na siku nyingi haina cha kuonyesha.

Mwezi wa saba, wakati wa baridi kali, simu iliita nikiwa naondoa chupa kwenye kabati la joto. Ilikuwa namba ya matron. Nikaketi kwenye kiti cha kwanza nilichokiona.

"Shangazi, ni mimi. Usiwaambie nyumbani bado. Ni miguu, ilianza jana. Nimemeza dawa, nimekunywa maji, matron amenifunika blanketi mbili na jioni tutaenda hospitali waangalie. Sijalia sana."

Nilimuuliza maumivu yako wapi hasa, yamepanda au yameshuka, homa ipo au haipo, na safari hii nilingoja kila jibu hadi mwisho wake. Nilikuwa na hofu na sikumficha. Akasema hata yeye anayo. Kisha akauliza, "Na zako zinasemaje?"

Nilikuwa bado nimeishika ile chupa. Nilimwambia zinawaka, ila hafifu.

"Hata mimi leo niko hivyo," akasema. "Lakini niko."

Akamrudishia matron simu yake, kwa sababu kengele ya chakula ilikuwa imeshalia.